Mtoto Aliyefika Hai Kinyume cha Kipeperushi

Kata ya Bukiriro,
Wilaya ya Ngara.
9 Agosti 1995

Kwa Mratibu wa Usafiri,
Shirika la Misaada (lile lenye magari meupe),
Ngara Mjini.

Ndugu Mratibu,

YAH: MALALAMIKO DHIDI YA DEREVA PROJESTUS KWA KUMFIKISHA MTOTO MCHANGA HOSPITALINI AKIWA HAI KINYUME CHA KIPEPERUSHI

Baada ya kukutakia afya njema wewe na magari yako yote, naomba unipe nafasi nieleze jambo linalonikosesha usingizi.

Mimi ni Matiasi Ntakirutimana, mwalimu mstaafu, na kwa miaka kumi na tisa sasa ni Katibu wa Chama cha Machela cha kijiji chetu. Kwa kuwa hujawahi kuuguliwa huku, pengine hukijui chama hiki. Mtu akizidiwa, tunamlaza kwenye machela, wanaume wanne wanainua, wanne wengine wanafuata nyuma ili wapokezane, na asiyefika bila sababu anatozwa pombe. Hivyo ndivyo tulivyokuwa tukienda hospitali kabla ya wakimbizi, kabla ya mahema na kabla ya vipeperushi.

Nimesikia kwamba dereva wenu Projestus, mzaliwa wa Runazi kule Biharamulo, amesimamishwa kazi, na kwamba Ijumaa hii mtakaa kikao kuamua kama afukuzwe. Naandika kuunga mkono afukuzwe, tena nawaongezea makosa ambayo hamkuyaona kwa kuwa hamkuwapo. Mimi nilikuwapo. Mtoto mwenyewe ni mjukuu wangu.

Ilikuwa tarehe 11 Julai, alfajiri. Binti yangu Deodata alijifungua mtoto wa kike nyumbani kwangu, miezi miwili kabla ya wakati. Julai ya huku unaijua: ukungu unalala mabondeni hadi saa tatu asubuhi, na mtu akisema neno anatoa moshi mdomoni. Mtoto alienea kwenye viganja vyangu viwili na nafasi ikabaki. Miguu yake ilikuwa imeanza kupoa. Tukamlaza Deodata kwenye machela, mke wangu Ernesta akambeba mtoto, tukaondoka. Baada ya mwendo wa saa moja tukafika njia panda, zimebaki saa tatu za kutembea, na hapo gari lenu likatokea likitoka kambini, viti vitupu. Projestus akasimama, akawachukua wanawake wawili na mtoto, akaondoka nao. Makosa yake ni haya yafuatayo.

1. Kiti. Kipeperushi chenu kinachoitwa "Mtoto Wako Nje na Ndani ya Gari Wakati wa Majira ya Baridi" ninacho hapa mezani. Tuligawiwa kwenye semina ya Novemba mwaka jana. Kina picha ya mtoto mwenye mashavu mekundu, na chini yake pameenea kitu cheupe ambacho wengi wetu tulidhani ni unga wa msaada umemwagika, hata wakimbizi waliokuwapo wakalalamika kwa sauti. Ukurasa wa kwanza unasema mtoto asipande gari ila kwenye kiti chake maalumu. Kiti hicho mnacho, tulikiona kwenye semina, cha kijivu, chenye mikanda mitano. Kimefungiwa stoo huko mjini, na anayetaka kukiazima anajaza fomu yenye jina la mtoto. Sasa, kwa mila yetu, mtoto hapewi jina kabla ya siku ya nane, siku anapotolewa nje kwa mara ya kwanza. Kwa hiyo taratibu zilikuwa wazi kabisa: Projestus alitakiwa asubiri njia panda siku nane huku injini ikiunguruma (kipeperushi kinasema gari lipashwe moto kwanza), sisi tumpe mtoto jina, tujaze fomu, tufuate kiti. Alishindwa kusubiri siku nane. Vijana wa siku hizi hawana subira.

2. Koti nene. Imeandikwa kwamba mtoto asifungwe mkanda akiwa amevaa koti nene, kwa sababu mkanda hautamshika. Nakiri kwa masikitiko kwamba hapa dereva hakukosea. Mtoto hakuvaa koti nene. Hakuvaa kitu chochote. Ernesta alimvua vile vitambaa vilivyolowa, akamlaza kifuani pake, ngozi kwa ngozi, ndani ya blauzi, akamfunga kwa mbeleko upande wa mbele, kisha akajitanda kitenge na juu yake shuka. Makoti mliyotuletea, yale yenye miguu iliyozibwa kama soksi, yapo. Lililogawiwa mtaa wetu ndilo Mwenyekiti wa Chama, Bwana Laurian, alilokuwa ameuvisha mtungi wake wa pombe ya ndizi, maana Julai pombe inachelewa kuiva. Iliiva vizuri mno, na Chama kimeniagiza nitoe shukrani.

3. Kutazama nyuma. Mnasema mtoto mchanga akae akitazama nyuma ya gari. Ernesta alitazama mbele. Mtoto alimtazama Ernesta. Nimelichora jambo hili kwenye karatasi mara tatu, na kila mara mtoto anatokea akitazama nyuma. Naomba radhi kwa kulileta, lakini nilikwisha andika namba.

4. Kiti kilichopata ajali. Hapa ndipo namshika dereva barabara. Kipeperushi, ukurasa wa nne: "Usitumie kiti kilichowahi kupata ajali." Ndugu Mratibu, mwaka 1978 Ernesta alianguka kutoka kwenye baiskeli yangu kwenye mteremko, akiwa na mkungu wa ndizi, na mpaka leo anachechemea mguu wa kushoto. Projestus alimwona akichechemea. Hakuuliza. Zaidi ya hapo, ukurasa huohuo unataka tarehe ya kutengenezwa kwa kiti ikaguliwe, na Ernesta tarehe yake haijui, anasema tu alizaliwa mwaka wa nzige. Ninapendekeza ofisi yako ipeleke wakaguzi kukagua mabibi wote kuanzia Bukiriro hadi Biharamulo, mgongo, kifua na magoti, wanaofaa wagongwe muhuri, na wasiofaa waondolewe kwenye matumizi. Nani atakayempa Ernesta taarifa hiyo, sijui. Mimi siku hiyo nitakuwa safarini.

5. Haki za Chama. Katiba yetu, kifungu cha tatu, inasema mgonjwa akishainuliwa hashushwi mpaka hospitalini. Dereva alitushushia mgonjwa njiani. Wanaume wanane walibaki wamesimama njia panda na machela tupu na nguvu za saa tatu ambazo hawakuwa na pa kuzipeleka. Hakuna aliyeondoka. Gari lilipotea kwenye ukungu, sauti yake ikapotea, na bado tulisimama. Nilimwona Bwana Laurian akijifuta macho kwa kofia yake. Alisema ni ukungu, nami nikamwambia ndiyo, ni ukungu, na mimi umeniingia. Sikuwahi kuogopa namna ile tangu nizaliwe. Usumbufu huo wote aliusababisha dereva wenu.

6. Kitabu cha safari. Kosa hili ni baya kuliko yote. Nasikia wapo madereva, wala sisemi wa shirika gani, wanaosafirisha mbuzi na mkaa kwenda na kurudi Biharamulo, na kwenye kitabu wanaandika "ukaguzi wa barabara", na wako kazini hadi leo wakiheshimika. Projestus aliporudi ofisini aliandika kwa mwandiko wa kusomeka: "Abiria: bibi 1, mama 1, mtoto 1. Mtoto hana kiti." Hakuna aliyemwona. Hakuna aliyemsemea. Alijisemea mwenyewe. Mtu wa namna hiyo mkimwacha ofisini atawaambukiza na wengine.

7. Majira yenyewe. Ombi langu kubwa ni hili. Kipeperushi tumekipata, makoti tumeyapata, kiti tumekiona kwa macho. Kilichobaki ni hayo majira ya baridi. Mwezeshaji wenu alisema yanaanza Desemba. Tulisubiri. Desemba ilileta mvua, joto na magugu, na watoto wakashinda uchi matopeni. Baridi yetu sisi inakuja Juni bila ruhusa na kuondoka Agosti bila kuaga, na haimo kwenye kipeperushi. Naona hapo pana tundu. Mtu mjanja anaweza kusimama kwenye kikao Ijumaa na kusema: kwa kuwa ilikuwa Julai, na kwa kuwa Julai si majira ya baridi, basi kipeperushi hakikuwa kazini siku ile na Projestus hana kosa. Nawasihi mzibe tundu hilo haraka kwa kutuletea majira ya Desemba, hata kama ni ya mtumba, na mnapogawa msiwasahau Biharamulo, wasije wakanung'unika kama ilivyokuwa kwa makoti.

Kwa kumalizia, kadi ya mtoto inaonyesha kwamba alipokewa akiwa na kilo moja na gramu mia tatu. Muuguzi wa zamu alituambia kwamba kama wangechelewa kwa saa moja zaidi, asingekuwa na wa kumpokea. Sisi tulikuwa tumebakiza saa tatu. Unaona mwenyewe hesabu ilivyo: mtoto huyu yupo kwa njia isiyo halali. Kwa kuwa mimi ni mtu wa taratibu, nipo tayari, siku mtakapofungua stoo na kuleta kiti, kumrudisha mtoto njia panda, saa ileile ya alfajiri, akiwa uchi vilevile, ili safari ianze upya na ifanyike inavyotakiwa.

Nisalimie walinzi wa getini, ambao siku niliyokuja kukuona waliniweka juani kwa adabu sana. Wasalimie wapishi, makarani na fundi wa redio. Msalimie pia aliyetafsiri kipeperushi, umwambie Kiswahili chake ni kizuri ila hajawahi kufika hapa. Na hao wenye kikao cha Ijumaa, wape heshima zangu mmoja mmoja.

Wako katika kuheshimu karatasi,

Mwl. Matiasi Ntakirutimana
Katibu, Chama cha Machela

N.B. Kabla ya kufunga bahasha nilimsomea Ernesta barua hii, kwa kuwa ametajwa humo kama kiti. Nilitegemea atacheka. Hakucheka. Aliweka chini maharage aliyokuwa akiyachambua, akasema: "Mwalimu, hao ni watu wa ofisi. Watayasoma hayo kama ulivyoyaandika. Ijumaa watamfukuza mtoto wa watu, halafu watakuandikia barua ya asante."

Nimefundisha insha miaka thelathini na jambo hilo halikunipitia kichwani. Basi, Ndugu Mratibu, futa yote yaliyo hapo juu, kuanzia namba moja hadi namba saba. Yasomeni haya tu, ambayo ameyasema yeye nami nimeyaandika:

"Huyo kijana hakutupakia kwa kiburi. Alitusomea karatasi yenu mara mbili pale barabarani, akasema, mama, siruhusiwi. Mimi sikubishana naye. Nilifungua blauzi nikamwonyesha. Mtoto alikuwa ameacha kulia, na midomo imebadilika rangi. Akakunja karatasi, akaitia mfukoni, akafungua mlango. Njia nzima alikuwa anaendesha na kusali. Na mimi nilikuwa na katazo langu, la mama yangu na la bibi yangu: mtoto haoni nje kabla ya siku ya nane. Nilimtoa siku ya kwanza, kwenye ukungu. Tulivunja wote wawili, kila mtu la kwao. Mimi mbona hakuna aliyenifukuza?"

Mtoto amefika kilo mbili. Bado analala kifuani kwa bibi yake au kwa mama yake, wanapokezana kama watu wa machela. Siku ya nane ilimkuta wodini, na kwa kuwa muuguzi alikataza asitolewe nje, tulimpa jina tukiwa tumesimama dirishani. Tumemwita Ineza, ambalo kwetu maana yake ni wema. Projestus ndiye aliyelitaja. Alikuwa amekuja kwa miguu, kwa kuwa gari mlikwisha kumnyang'anya.

Msimfukuze, nawaomba. Sina kejeli yoyote katika neno hilo.

Ernesta hajui kuandika, dole gumba lake ndilo hilo hapo chini. Lile dogo pembeni, lililochafua karatasi kidogo, ni la mtoto. Jina sasa analo, kwa hiyo ile fomu yenu mnaweza kuileta.