Maji ya Shemeji

Jumatano, 5 Machi
Kinyozi wa mtaa wa pili anajigamba kwamba mkimbiaji wake atashinda mbio ndefu za Jumamosi. Ngoja. Mimi nina shemeji, kaka wa mke wangu, mwoka mikate mwenye miguu ya twiga. Nimejiteua kocha. Siri yangu: maji. Mwili uliojaa haukauki njiani. Mke wangu kauliza nimesomea wapi. Nikaenda kuchota maji.

Ijumaa, 7 Machi
Shemeji kamaliza ndoo. Chumvi nimemkataza. Kichwa kinamgonga. Nimemwambia ni uoga unatoka.

Jumamosi, 8 Machi
Maafa. Katikati ya mbio shemeji alianza kuyumba, akamwita mwamuzi "mama", akaanguka akitetemeka. Kinyozi ndiye aliyembeba hadi hospitali. Kinyozi! Nilifuata nyuma na chupa ya maji. Muuguzi akaninyang'anya.

Jumapili, 9 Machi
Daktari katueleza. Chumvi ya damu imezimuliwa mno na maji. Maji hufuata palipokolea chumvi, basi yamepenya utando wa seli za ubongo, zikavimba, na fuvu halitanuki. Nikashauri amiminiwe chumvi tele, yaishe. Akasema seli si magunia: utando una milango na pampu, na seli zimeshaanza kutoa chumvi zake ili uvimbe upungue. Tukiharakisha, maji yatazikimbia, zitasinyaa, na huenda asipone tena. Polepole, akasema. Mke wangu alikuwa kaegemea ukuta, analia. Haniangalii.

Jumatatu, 10 Machi
Daktari mwoga. Niliingia wodini na chumvi mfukoni, niitie kwenye supu ya mgonjwa. Mke wangu akaniona. Hakupandisha sauti. "Huyu ndiye kaka pekee niliyebaki naye," alisema. "Toka."
Nikatoka.

Alhamisi, 13 Machi
Shemeji kafumbua macho, kamtambua dada yake. Mkono mmoja bado mzito. Kama ataukanda unga tena, daktari hasemi. Kinyozi humletea matunda na kumnyoa bure. Mimi mwisho wangu mlangoni. Nilimpungia shemeji. Akageukia ukuta.

Jumapili, 16 Machi
Mke wangu ananipakulia, anakula jikoni peke yake. Baba mkwe kaja kumwona mwanawe, kafikia kwetu. Mzee wa watu, miguu imemvimba. Maji hayo! Na maji hufuata chumvi, daktari mwenyewe kasema. Kesho, kabla mke wangu hajaamka, namkolezea mzee chumvi kwenye chai. Maji yataiacha miguu yakimbilie tumboni. Watanishukuru tu.