Kamati ya Ushiriki Yavuka hadi Kilwa

Kamati ya Kuendeleza Ushiriki katika Michezo ya Maji, Nchelenge, ambayo mimi ni katibu wake, inafurahi kuuarifu umma kwamba kushinda kumefutwa.

Uchunguzi ulifanyika. Katika mbio za mitumbwi za mwaka jana Luse, binti wa wavuvi, alipiga kasia hadi kisiwa cha Kilwa akafika wa kwanza. Levy, mpwa wa Mwenyekiti Mukuka, aliwasili viti vikiwa vimekunjwa. Kamati ikabaini kwamba Levy ndiye aliyekaa mashindanoni muda mrefu kuliko wote, yaani ndiye aliyeshiriki zaidi. Hivyo nafasi moja ya timu ya taifa, kule Lusaka, sasa itakwenda kwa atakayefika wa mwisho.

Luse alisimama mkutanoni. "Mukubwa, kama kushinda haina maana, juu ya nini kuko mutu mumoja tu anaenda Lusaka?"

"Mwanangu, shida yako ni haraka," alijibu Mwenyekiti.

Siku ya mashindano, Kamati na wageni walitangulia Kilwa kwa boti ya injini. Chakula chao, bukari na mchuzi, kwa desturi yetu hupanda mitumbwi ya mashindano, kila mtumbwi na sufuria yake.

Filimbi ikalia Nchelenge. Hakuna mtumbwi uliosogea.

Patson, mshika kipaza sauti wa kule, alipiga simu. "Bote bamekaa tu. Bengine banalala. Luse anashona wavu."

Niliwaeleza wageni kwamba huo ni ushiriki wa kiwango cha juu. Mgeni wa heshima kutoka Lusaka aliuliza chakula kiko wapi. Nikamjibu kwamba nacho kinashiriki. Boti isingeweza kukifuata: petroli ilitosha kurudi tu.

Alasiri Mwenyekiti alininyang'anya simu. "Patson, tangaza! Wa kwanza kufika na bukari njo anaenda timu ya taifa!"

Mgeni wa heshima aliidhinisha papo hapo, kwa sauti ya mtu mwenye njaa.

Luse alifika wa kwanza, mchuzi haukumwagika. Mgeni alimthibitisha mdomo ukiwa umejaa.

Levy alitokea jioni, nyuma ya wote, akitabasamu.

"Mupumbafu weye! Haukusikia tangazo?" Mwenyekiti alimfokea.

"Nilisikia, yama. Lakini mweye njo muliniambia asubuhi: hata batangaze nini, acha bote bapite, nafasi iko yako," Levy alimjibu mjomba wake.

Mgeni wa heshima aliacha kutafuna. Akaagiza Mwenyekiti arudi Nchelenge katika mtumbwi wa Levy, apewe kasia, ashiriki.