Mkono Wangu na wa Maji ya Kunde

Jumatatu, 4 Machi

Leo kabati la vioo limetuponyoka mlangoni mwa karakana, mimi na Maji ya Kunde. Yeye ndiye aliyeliachia. Mimi nilikuwa nimelishika kidogo tu, kwa sababu nilikuwa namweleza jinsi ya kulishika. Ukuta umetuchuna wote wawili mgongo wa mkono wa kulia. Vidonda sawasawa, upana wa kiberiti.

Maji ya Kunde ni mtoto wa mama mdogo. Jina amepewa kwa rangi yake, na tangu utotoni wageni wakija kwetu humsifu yeye kwanza. Mimi ni mweusi tii. Sijawahi kujali. Nimeandika tu.

Fundi mkuu ametutazama kama mbao zilizopinda. Amesema maktaba ya shule inataka rafu arobaini na mmoja wetu atasimamia kazi, ila mkono wenye kidonda hautagusa vanishi yake. Atakagua Jumatatu tarehe kumi na nane. Aliyepona vizuri ndiye msimamizi.

Nimecheka moyoni. Ngozi yangu ni mpingo. Yake ni ubao wa kreti.

Jumanne, 5 Machi

Maji ya Kunde amekwenda zahanati kwa mchubuko. Amerudi na mafuta ya mgando na bandeji nyeupe, kama bibi harusi. Anasema muuguzi amemwambia aoshe kwa maji safi na sabuni, apake mafuta, afunike. Nimemwuliza kama ameambiwa pia abebwe mgongoni.

Kidonda changu nimekiacha wazi juani. Mtu mweusi na jua wanaelewana. Kisha nikakinyunyizia unga wa mbao kikauke haraka. Kabla ya chakula cha mchana kigaga kilikuwa kimeanza. Dada, ambaye naishi kwake, amesema unga wa mbao ni uchafu. Dada anauza vitambaa. Habari za mbao angeniachia mimi.

Alhamisi, 7 Machi

Nimebandua kigaga nione maendeleo. Chini kuna majimaji. Nzuri hiyo, ngozi inapumua.

Nimemwomba Maji ya Kunde afungue bandeji tulinganishe, kindugu. Kingo za kidonda chake ni nyekundu! Changu hakina wekundu hata chembe. Nimeitangazia karakana nzima kwamba ndugu yangu anaoza. Wamekuja kutazama. Fundi wa viti amesema kinachonuka ni mkono wangu. Nimemwambia ni gundi.

Maji ya Kunde ameutazama mkono wangu, akauliza kama unauma. Wivu mtupu.

Ijumaa, 8 Machi

Mkono umenona. Ngozi imetanuka, inang'aa. Ni nguvu zinarudi. Randa imekataa kushikika, kwa hiyo nimewaambia leo nafanya kazi ya kichwa. Saa saba mchana, jua kali, baridi ikanishika. Nimevaa koti, meno yanagongana. Bado hakuna wekundu.

Jumamosi, 9 Machi

Naandika kwa mkono wa kushoto. Asubuhi dada alinigusa paji la uso, akanikokota hadi zahanati kwa ukosi wa shati mbele ya majirani wote.

Muuguzi ni mwanamke mfupi asiyecheka. Nimemweleza mapema, ili asipoteze muda, kwamba hakuna wekundu. Ameuwekea mkono wangu mgongo wa kiganja chake, kisha akaniambia niuguse mwenyewe, niulinganishe na wa kushoto. Wa kulia ulikuwa wa moto kama pasi.

"Kaka yangu," amesema, "kwenye ngozi nyeusi wekundu hujificha. Unaweza kuonekana kama zambarau, au usionekane kabisa. Usitazame tu. Gusa. Joto, uvimbe, maumivu, hayo hayana rangi."

Nikamwuliza, kwani weusi hauponyeshi haraka? Amesema weusi unakinga jua, haufungi kidonda. Kinachofunga ni usafi na kuacha kubandua. Wekundu mwembamba wa mwenzangu ulikuwa wa kupona. Wangu ulikuwa umejificha huku usaha ukipanda mkononi, na ningechelewa siku mbili daktari angekuwa anazungumzia kukata vidole.

Dada amegeukia dirishani, mabega yakimtikisika. Nilidhani anacheka. Hakuwa anacheka.

Sindano. Vidonge. Bandeji nyeupe. Kuhusu bandeji sitaki maswali.

Jumatano, 13 Machi

Uvimbe umeshuka. Nimesikia Maji ya Kunde anamaliza meza zangu baada ya kumaliza zake, bila kuambiwa na mtu. Ujanja wa wazi kabisa. Anataka aonekane mwema.

Jumapili, 17 Machi

Kidonda kimefunga, lakini ngozi mpya ni ya waridi. Mimi, waridi! Muuguzi alishasema rangi huchelewa, hutambaa kutoka kingoni taratibu. Taratibu haimo kwenye ratiba yangu. Kesho fundi mkuu akiona waridi atadhani ni kidonda kibichi.

Nimechukua kopo la rangi ya mbao, ile nyeusi tuliyopaka meza ya wakili. Matone mawili na kitambaa. Imekubali vizuri sana. Inawasha kidogo.

Jumatatu, 18 Machi

Ukaguzi. Maji ya Kunde ametoa mkono wenye doa la kahawia, umefunga kabisa. Mimi nimetoa mkono usio na doa lolote. Fundi mkuu amefurahi kwa dhati. Amenipa mkono, akaufunika wangu kwa mkono wake wa pili, kama wafanyavyo watu wazima wakiguswa.

Akaondoa kiganja. Cheusi. Akakinusa. Ana miaka thelathini kwenye ufundi. Akalitaja kopo na rafu linapokaa.

Msimamizi ni Maji ya Kunde. Karakana imecheka mpaka saa nne. Yeye hakucheka. Ameomba niwe msaidizi wake, nikishapona. Nimesema nitafikiria, na nimefikiria mpaka saa sita, kwa heshima.

Jumatano, 10 Aprili

Rafu zote arobaini zimesimama. Maji ya Kunde amewaambia walimu kwamba nusu ni kazi yangu. Ni zaidi ya nusu, ila sikutaka kumwaibisha.

Mkono umepona. Lakini alama sasa ni nyeusi kuliko mimi mwenyewe, jambo ambalo dada anasema hakujua kama linawezekana. Nimekwenda kwa muuguzi. Amesema ni kawaida kwa ngozi kama yangu: rangi huzidi, kisha hufifia kwa miezi. Niikinge na jua. Nisipake dawa yoyote ya kuichubua. Amenitaka niahidi, nami nimeahidi kwa moyo mweupe.

Kupaka ni kwa watu wasio na ufundi. Doa kwenye ubao halipakwi kitu, linapigwa msasa. Ninao namba mia nne, laini kabisa. Dada ametoka, maji ya sabuni yapo mezani kwa ajili ya usafi. Naanza.