Kuhusu Mama Mkwe Kuvuka Mto Kabla Sijamaliza Shikamoo

Kwa Msimamizi wa Mchezo wa Falme,
Chumba cha Nyuma, Duka la Kutengeneza Saa.

Ndugu Fundi Saa,

Pokea salamu kutoka Ufalme wa Bondeni, au niseme kutoka kile kilichosalia. Natumaini hujambo, na saa zako hazijambo, ingawa Jumamosi iliyopita sikuona hata mbili zilizokubaliana. Mimi ni mzima wa afya. Mipaka yangu ndiyo inayougua.

Nakuandikia kama mfalme, si kama jirani yako wa mapokezi kwenye kliniki ya meno, kwa hiyo utaniwia radhi nikitumia lugha ya kiserikali. Jumamosi ijayo jeshi la Malkia wa Nyanda za Juu litafika kwenye kuta za mji wangu mkuu. Kwa kanuni ulizoziandika wewe mwenyewe, mfalme aliyepoteza mji mkuu hana tena kiti mezani. Malkia huyo, kama ujuavyo, ndiye mama mzazi wa mke wangu. Naomba aondolewe kwenye mchezo, na sababu zangu ni hizi.

1. Suala la shikamoo.

Kanuni inasema majeshi mawili yakikutana, mfalme atakayefungua mdomo kwanza anahesabiwa kuwa ameomba mazungumzo, na mwenzake ndiye anayetangulia kusogeza askari. Ni kanuni nzuri. Kinyozi, ambaye ni Mfalme wa Visiwa, anaweza kukaa kimya mpaka ukadhani amelala. Lakini mimi mama mkwe ameketi mbele yangu, ameweka mkoba wake magotini, ananitazama. Nikae kimya? Nionekane sikulelewa? Natoa shikamoo. Yeye anaipokea vizuri kabisa, bila haraka, kisha anauliza habari za kazini, za watoto, na kile kikohozi changu kimefikia wapi. Mimi najibu kwa adabu, na huku nikijibu naona mkono wake unasukuma askari wavuke mto. Nikimaliza kusema kikohozi kimepungua, daraja limekwenda.

Kusema kweli ni mke wangu aliyemleta. Tangu tulipomzika baba mkwe, mama alikuwa hatoki chumbani kwake hapa kwetu. Chakula tulikuwa tunampelekea na kurudi nacho. Mke wangu akasema, walau Jumamosi aje asikie sauti za watu. Nilikubali kwa moyo mweupe, nikidhani atakaa pembeni asinzie. Sasa tazama nilivyolipwa.

2. Suala la misiba.

Askari wetu, kwa faida ya yeyote atakayesoma barua hii, ni vifungo vya nguo kutoka kwenye kopo la mke wangu, ambaye ni mshonaji. Askari akifa, kifungo kinarudi kwenye kopo na vita vinaendelea. Mama mkwe hakubali. Baada ya vita vya darajani aliniuliza yule aliyeanguka wa kwanza alikuwa mtoto wa nani. Ndugu yangu, kilikuwa kifungo cha shati. Lakini mbele ya mkwe utasema nini? Nikamtungia baba na mama. Akauliza kama ameacha mjane. Nikamtungia mjane, nikaona haitoshi, nikamwongezea watoto wawili, mmoja mgonjwa mgonjwa. Nilipofika hapo hata mimi nilikuwa natafuta leso.

Basi akatangaza vita visimame mpaka tuomboleze. Wewe ukakubali, tena ulivua kofia. Na katika muda huo wa maombolezo Malkia alifanya nini? Alipeleka nafaka kwa wajane wangu, na wajumbe wa kuwapa pole. Wajane wote wakahamia kwake na watoto wao wa kiume. Nimesoma kidogo habari za vita, Ndugu Msimamizi, na sijaona popote mfalme aliyepokonywa kizazi kizima cha askari kwa rambirambi.

3. Suala la diplomasia.

Kinyozi alikuwa mshirika wangu wa kiapo. Meli zake zilikuwa zangu. Mama mkwe hakumtishia wala hakumhonga. Alimuuliza miguu ya mama yake inaendeleaje, akamwelekeza namna ya kuikanda, na wiki iliyofuata akakumbuka kuuliza tena. Sasa Kinyozi anamwita Mama. Bandari zote amenifungia. Kibaya zaidi, kama Mama ni mama yake, basi Kinyozi amekuwa shemeji yangu, na shemeji siwezi kumchomea meli bila kikao cha familia. Kwa mkupuo mmoja nimepoteza jeshi la majini na nimepata shemeji nisiyemwomba.

4. Suala la ujasusi.

Waziri wangu wa Vita ni mke wangu. Huu ulikuwa uamuzi wangu, silaumu mtu. Lakini mipango yote ninayomnong'oneza chumbani, kesho yake mama anaijua. Juzi tu, tukinywa chai, aliniuliza kwa upole kwa nini lango la mashariki nimeliwekea vile vifungo vyembamba vya mashati ya watoto. Nilitaka kuzama chini ya meza. Mke wangu anaapa kwamba hajatoa siri hata moja. Anasema mama hahitaji kuambiwa, kwa sababu nina tabia ya kukodolea macho kila ninachokiogopea. Nikaamua kucheza huku nimefumba macho. Wewe ni shahidi wa kilichotokea: nilishambulia ghala langu mwenyewe, nikashinda.

5. Hatua nilizojaribu kuchukua kabla ya kukusumbua.

Usidhani nimekimbilia kwako bila kujitahidi. Kwanza nilimwomba mke wangu tusimamishe ndoa kwa saa za mchezo tu, yaani tukiingia dukani kwako mimi si mume wa mtu wala mkwe wa mtu, na tukitoka tunarudiana mlangoni. Nilitegemea atashtuka kidogo. Alikubali palepale, huku akikata kitambaa, kwa masharti kwamba katika saa hizo watoto ni wake, cherehani ni yake na askari wa farasi ni wake. Ombi hilo nimeliondoa.

Pili, nilifikiria nikuombe umgeuze kuwa joka. Joka halina wakwe, na hakuna anayelazimika kuliamkia. Nililala na wazo hilo kwa raha sana. Asubuhi nikalitazama upya. Niliona joka limekaa juu ya paa la ikulu yangu, linatoa moto puani, linaniuliza mbona nimekonda. Nikajua fika kwamba nitaliamkia.

Tatu, niliandaa rasimu ya sheria ya kuzuia mtu yeyote aliyeozesha binti kumiliki silaha katika ulimwengu wote wa mchezo, nchi kavu na baharini. Mke wangu alinikumbusha kwamba na sisi tuna binti, na atakua. Hapo pia nimerudi nyuma.

Kwa hiyo, Ndugu Msimamizi, imebaki njia moja. Mama mkwe aondoke mezani, abaki nyumbani apumzike kama watu wa umri wake, na Nyanda za Juu zigawanywe kwa haki, sehemu kubwa ije kwangu kama fidia ya usumbufu. Naandika haya bila chuki. Nampenda mama kama mama yangu. Lakini dola ni dola, na mimi maji yamenifika shingoni.

Nisalimie mkeo, watoto na wote hapo dukani. Kinyozi naye umpe salamu, ila zisiwe za uchangamfu sana.

Nabaki wako mtiifu, ndani ya kuta ambazo bado zimesimama,

Mfalme wa Bondeni

Nyongeza:

Chana barua hii. Nilikuwa natafuta bahasha mke wangu alipokuja kuniambia kwamba mama hatakuja Jumamosi. Kosa ni langu. Nilikuwa nikiisoma barua kwa sauti ili nipime kama ina uzito, na nyumba yetu kuta zake ni nyembamba. Amesema vijana wacheze mchezo wao, yeye hakujua kwamba anawakera. Kisha amejifungia. Chakula nimempelekea mwenyewe, nimerudi nacho.

Nimeona vibaya sana, Fundi Saa, siwezi kukuficha. Nimesimama mlangoni kwake nikamwomba radhi. Nikamwambia mezani bila yeye hapakaliki, nikamwambia Kinyozi ataulizia. Mlango haukufunguka. Ndipo mimi, niliyeapa mbele yako kutunza siri za dola mpaka kufa, nikaegemea mlango na kumweleza kwamba chini ya ukuta wa kusini kuna mfereji wa maji unaotokea ndani ya ikulu, na hauna mlinzi hata mmoja. Halafu nikasikia kitanda kinalia, na sauti yake ikauliza kama farasi wanaweza kupita humo au ni askari wa miguu peke yao. Nimemwambia wanapita, mradi wainamishe vichwa.