Bati Limelia Kasoli

Jumanne, 1 Julai 2025

Maduhu kaandikwa tena. Kisima cha juu ni Kisima cha Maduhu. Njia ya mnadani ni Njia ya Maduhu. Leo napita mtoni nakuta wamechora kwenye simenti mbichi: DARAJA LA MADUHU. Alichangia nini? Kokoto. Hata mimi nilichangia maneno, tena mengi, na sijaona mtu kayachora popote.

Mimi sina hata mti wenye jina langu.

Lakini jioni kumetokea jambo. Lile ghala la pamba lililoezuliwa paa na upepo, limebaki kuta tatu na sakafu, bwana shamba wetu Fredrick amelipatia kazi. Anasema ni uwanja wa skwoshi. Mchezo huo alijifunza chuoni Morogoro. Kule wanachezea ndani ya chumba, huku jua ndilo litakuwa paa. Watu wawili wanasimama pamoja, wote wanatazama ukuta, wanaupiga mpira kwa raketi, huyu akipiga na yule anapiga. Nikamuuliza ukuta umewakosea nini. Akasema, guku, yaani babu, utauelewa ukicheza. Upande wa nne uko wazi, ndiko watakaa watazamaji.

Sasa, habari yenyewe. Sabasaba kutakuwa na mchezo wa wazee. Atakayeshinda, uwanja utapewa jina lake, lipakwe rangi juu ya ukuta, herufi kubwa, mtu alisome akiwa kwenye pikipiki anakwenda Bariadi.

Nilinyoosha mkono kabla hajamaliza kusema. Kugeuka, mkono mwingine uko juu nyuma yangu. Wa Maduhu. Wazee wengine wakasema magoti yao yana kazi nyingine.

Jumatano, 2 Julai

Mazoezi. Chini ya ukuta wa mbele Fredrick amepigilia bati, limetoka kwenye paa lile lile la ghala. Sheria yake ni kwamba ukipiga bati umekosea, pointi anachukua mwenzako.

Pigo langu la kwanza likaenda moja kwa moja kwenye bati. Gwaaa! Mbuzi wakaacha kula. Akina mama waliokuwa wanatoka kisimani wakasimama na ndoo zao kichwani, wote wananitazama mimi. Pigo la pili nililipeleka pale pale, kwa makusudi. Fredrick akasema guku, hapo unampa mwenzako pointi. Nikamwambia mwenzangu hayupo, yuko darajani kwake.

Ukweli niuandike hapa maana hapa hapasomwi na mtu. Ujanani mimi nilikuwa kiongozi wa ngoma ya Wagalu, Maduhu wa Wagika, mahasimu wetu. Ngoma zetu hazina refa. Mnacheza wote wawili kwa wakati mmoja, uwanja mmoja, huyu kulia, yule kushoto. Watu wanajiendea wanakopenda. Anayeachwa peke yake na wapiga ngoma wake, huyo kashindwa. Kila baada ya mavuno niliachwa mimi. Mwaka mmoja hata mama yangu mzazi alihamia kwa Maduhu. Alisema alifuata kivuli.

Kwa hiyo safari hii nataka jina. Fredrick ana pointi zake za chuoni, nitazichukua. Na watu nao nitawachukua. Vyote viwili.

Alhamisi, 3 Julai

Siku mbaya.

Fredrick kanikabidhi mpira nikafanye mazoezi nyumbani. Mdogo, mweusi, una vidoa viwili vya njano. Ni huo huo mmoja, hakuna mwingine, akaniambia niulinde kama ndama. Ukiwa wa baridi haudundi. Ukiudondosha unalala pale pale kama mlevi. Anasema lazima muupigepige mpaka upate moto ndipo uchangamke. Nikawaza, kwa nini nitoke jasho wakati nyumbani moto upo?

Nikautumbukiza kwenye chungu cha kunde cha mke wangu Esteria. Dakika chache tu, nitautoa. Nikatoka nje kuwafukuza kuku, nikakutana na jirani, tukaongea habari za bei ya pamba, tukaongea habari za Maduhu, hapo tukachelewa.

Narudi nakuta mgeni mezani. Januarius, katekista wetu, kaja kuniuliza mbona kanisani sionekani. Esteria kamtengea ugali na kunde. Namwona anatafuna upande mmoja, anahamishia upande wa pili, macho yanamtoka. Akamsifu mwenye nyumba kwa kutia figo kwenye kunde, ila akasema huyu mnyama alikuwa mzee sana.

Nikamwomba anirudishie figo yangu.

Esteria hakupiga kelele. Angepiga ningejua pa kuanzia. Aliuliza tu, kwa sauti ya chini, Baba Masele, umepika nini kwenye chungu changu? Nikamwambia maendeleo. Sasa nakula michembe, siku ya kwanza, na sijui ni ngapi zimebaki.

Ijumaa, 4 Julai

Michembe asubuhi, michembe jioni. Viazi vikavu na maji ya kisima.

Lakini kuna heri. Jino la Januarius limeacha alama kwenye mpira, na tangu hapo mpira una tabia. Ukidunda upande ule, unaruka kushoto kama panzi. Fredrick kaushika, kaugeuza, kasema ajabu. Mimi nikasema ajabu kweli. Mchana kutwa nilikuwa nausoma. Anayejua utakakokwenda ni mimi na katekista, na katekista hachezi.

Maduhu naye kaja kufanya mazoezi. Kavaa miwani myeusi ya mjukuu wake. Nikamsalimu, mwadila, Maduhu. Akajibu mwadila, akaongeza kwamba amesikia nyumbani kwangu tunakula mipira, kama pamba imekataa kiasi hicho niseme, yeye ana gunia la mahindi. Watu wakacheka. Nikamwambia akae na mahindi yake, Jumatatu atayahitaji ya kujiliwaza.

Si jibu zuri sana. La zuri nililipata nikiwa nimeshafika nyumbani.

Jumamosi, 5 Julai

Nimekwenda kwa Jilala, mganga. Yeye ndiye alikuwa akitutengenezea dawa ya ngoma, ile ya kuvuta watu. Ndiyo, hakuwahi kunivutia mtu. Lakini alikuwa bado anajifunza.

Nikapeleka jogoo wangu mweupe. Jilala akanipa unga mwekundu kwenye kipande cha kitenge. Nijipake kwenye nyayo, na mwingine niunyunyize pale watazamaji watakapokaa. Akasema watu wataganda kwangu kama asali. Nikashukuru, wabeja sana, nikainuka.

Natoka uani namwona jogoo mwingine kafungwa kwenye mhogo. Mwekundu, upanga wa kichwani umekatika. Jogoo wa Maduhu. Namjua, kanikimbiza mara nyingi.

Nikarudi ndani. Jilala hata hakuona haya. Akasema yeye anauza dawa, hauzi ushindi. Nikamuuliza dawa mbili zikikutana uwanja mmoja itakuwaje. Akafikiri, akasema watu watakuwa wengi.

Nje jogoo walikuwa wameanza kupigana. Wangu alishinda kwa mbio, alifika barabarani wa kwanza. Siyo ishara yoyote. Jogoo hachezi skwoshi.

Jumapili, 6 Julai

Kanisani. Nilikaa mbele anione. Januarius kanitazama, kajishika shavu.

Baada ya ibada nikampelekea Fredrick ombi, mchezo uwe saa kumi jioni. Ukuta wa mbele uko magharibi, saa hiyo jua linakaa juu yake na kummulika mchezaji machoni. Mimi nina kofia yangu pana ya ukindu. Fredrick kakubali, kasema hata yeye aliona saa kumi ni nzuri, kutakuwa na upepo.

Niko njiani nacheka peke yangu ndipo nikakumbuka miwani ya Maduhu.

Jioni Esteria kaniuliza kwa nini nakitaka hivyo kile kijina. Ni maneno yake ya kwanza ya maana tangu Alhamisi. Nikajibu mzaha. Akaendelea kuchambua mchele, akasema yeye alikuwa akikaa upande wangu kwenye ngoma, kila mwaka, na miguu ilikuwa ikimuuma kwa sababu hakukuwa na mtu wa kuegemea. Sikujua. Nilikuwa natazama walioondoka.

Kesho lazima nishinde.

Jumatatu, 7 Julai, Sabasaba

Naumwa mkono wa kulia, mgongo, na sehemu nyingine sizitaji. Naandika yote.

Watu! Sijaona watu hivyo Kasoli tangu siku za soko la pamba. Wengine wametoka Lagangabilili. Dawa ya Jilala, au sikukuu, au habari za figo, sijui. Jilala mwenyewe kakaa mstari wa mbele. Wote upande mmoja, ule ulio wazi. Hapo ndipo nilipoona shida ambayo sikuiwaza wiki nzima: kama wote wako upande mmoja na sisi wote tuko ndani, utajuaje nani kaachwa?

Nikaamua kwanza nichukue pointi. Mpira ukaruka kushoto, Maduhu akaenda kulia. Ukaruka kushoto tena, Maduhu akaupiga upepo. Mchezo ni wa pointi kumi na moja, na punde Fredrick akatangaza Luhende, ndiye mimi, tisa, Maduhu mbili. Maduhu anahema, miwani imemshuka puani.

Na watu kimya, kama mahubiri ya mchana. Mama mmoja alikuwa anamchana nywele mwanawe. Wawili wakainuka kwenda zao.

Ndipo Maduhu, kwa uchovu tu, akapiga bati. Gwaaa!

Watu wakalipuka. Vigelegele. Wale wawili wakarudi. Fredrick akasema Luhende kumi, hakuna aliyemsikia. Wote wanamtazama Maduhu, na Maduhu akawatazama, kisha akanitazama mimi, na nikaona ameelewa. Alikuwa amebakiza pointi moja ashindwe na uso wake ulikuwa wa bwana harusi.

Imebaki pointi moja. Moja, niandikwe ukutani.

Lakini nikageuka nikawaona, wameinamia upande wake, wote, kama zamani. Mkono wangu haukuniuliza. Gwaaa!

Lo, walivyonishangilia! Maduhu tatu. Anzisha tena. Nikampa lingine, gwa-gwaaa, mpira ukapiga bati, ukarudi, nikaupiga bati tena. Maduhu akaniambia acha, hilo bati nimelianza mimi. Nikamwambia zamu yako ilikuwa miaka arobaini. Naye analitaka, anajirusha, lakini nikawa nauwahi mpira kabla haujamfikia. Nikapata mwendo. Wagalu wenzangu wakautambua, miguu ikaanza kugonga chini. Bati, mguu, bati, mguu. Wagika nao wakashindwa kujizuia. Jilala alikuwa anacheza na jogoo kwapani. Januarius alikuwa anapiga makofi na akijikumbuka anaacha. Na Esteria, Esteria wangu, alikuwa katikati ya watu, wamembana kila upande, watu wa kuegemea mpaka wamebaki.

Pigo la mwisho likang'oa misumari. Bati likaanguka sakafuni likilia peke yake.

Wakanibeba juu. Mimi. Nimeliona paa lisilokuwepo.

Fredrick akapuliza filimbi, akatangaza: Maduhu kumi na moja, Luhende kumi. Mshindi, Mzee Maduhu.

Maduhu akatupa raketi. Akasema kaibiwa. Akasema ushindi huo kabambikiwa kwa hila, haukubali, aandikwe Luhende. Fredrick akasema sheria ni sheria. Maduhu alikuwa karibu kulia.

Jumanne, 8 Julai

Ugali! Moto, na kunde. Nimechokonoa kwanza, hamna kitu. Esteria anasema kisimani wamemuuliza kama yeye ndiye mke wa yule mzee wa bati. Kajibu ndiyo. Kasema hakuona sababu ya kukana.

Nimekwenda kutazama ukuta. UWANJA WA MADUHU. Buluu, herufi kubwa. Imeniuma kidogo, siwezi kusema haikuniuma. Chini yake alikuwa kakaa Maduhu mwenyewe, kavaa miwani, kama mfiwa. Akasema, Luhende, wamekubeba juu. Nikamwambia jina unalo. Akasema majina anayo mengi, hayajawahi kumnyanyua hata moja. Tukakaa. Akanipa hindi la kuchoma, nikala, lilikuwa tamu, sikumwambia.

Kisha akasema turudiane Nanenane. Nikakubali kabla hajamaliza.

Tatizo ni bati. Limepinda, halifai, na Fredrick anasema safari hii ataweka ubao usiotoa sauti, ili tucheze kama watu wazima. Nimemwambia asihangaike na ubao, mimi ninalo bati zuri, geji nene, nitaliweka mwenyewe. Kanishukuru sana. Kasema guku, naona sasa umeuelewa mchezo.

Nimeelewa kabisa. Kosa langu lilikuwa moja, nilianza bati nikiwa na tisa. Au kumi. Nikianza nikiwa na tatu nitapata muda mrefu zaidi.

Hata hivyo nimemwahidi Fredrick, na nimemwahidi Esteria, kwamba Nanenane nitacheza kwa pointi tu, bati sitaligusa hata mara moja. Labda watu wakinyamaza.

Esteria ananiita. Anauliza kwa nini jikoni kwake jua linaingia kutoka juu.