Turbo ya Kukodi

Cate Nderitu alikuwa ameuza magari mengi mjini Eldoret, na hakuna hata moja lililokuwa lake. Alikuwa broka, na ubroka kwa mtindo wake ulihitaji miwani myeusi, simu mbili na moyo usioona haya. Wenye tamaa walimtafuta wenyewe. Yeye alikuwa anawapokea tu, tena kwa adabu.

Ijumaa moja ya masika, miaka kumi baada ya vurugu za uchaguzi, alikuwa kwenye kituo cha petroli aliposikia mngurumo alioujua tangu utotoni. Gari jeupe la michezo, milango miwili, pua ndefu, liliingia taratibu. Kwenye usukani alikuwa Mzee Kipyego wa kijiji cha Plateau, kofia kichwani, akiagiza mafuta kidogo tu.

Damu ilimpanda Cate kichwani. Gari lile lilikuwa la baba yake. Mzee Nderitu, muuza misumari na mabati, alikuwa amelinunua kwa jeuri ya pesa na kulipenda kuliko duka lenyewe. Siku ya kukimbia vurugu aliliacha kwa jirani yake huko Plateau, Kipyego. Wakiwa bado katika kambi ya wakimbizi, habari zikawafikia kwamba Kipyego anatangaza gari ni lake. Nderitu hakuuliza neno. Alihamia Nakuru, akafungua duka jingine, akabadilisha namba ya simu, akawa mtu wa kununa. Cate alitaka gari hilo lirudi kwa baba yake kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote. Na Kipyego akilia kidogo, hiyo ingekuwa nyongeza.

Kesho yake alikodi kwa Wasike, mwenye kampuni ya kukodisha magari, kigari kifupi chekundu chenye turbo, akabandua stika ya kampuni kwenye kioo cha nyuma, akajibatiza Diana na kuingia Plateau mvua ilipokatika. Mvua hiyo ilikuwa nusu ya mtaji wake.

"Mzee, gari yako ni tamu kwa lami, siwezi danganya," alisema akipokea chai. "Tairi za nyuma ndio zinasukuma, kwa hivyo steering inabaki nyepesi, na kona inakata vizuri. Lakini wewe unakaa kwa lami?"

"Nakaa kwa matope," Mzee Kipyego akakiri.

"Sasa ona hii yangu. Za mbele ndio zinavuta, na engine imezikalia. Halafu kuna turbo. Ukikanyaga, inavuta pumzi kwanza, halafu..."

"Halafu?"

"Halafu unaomba Mungu."

Mzee alicheka mpaka kofia ikamtoka. Akauliza kama turbo huugua. Cate akamwambia huugua ukiizima ghafla, kwa hivyo baada ya safari ndefu huachwa ingurume kidogo ipoe.

Walienda kuyajaribu magari kwenye kilima cha udongo nyuma ya boma, njia pekee ya kufika barabara kuu. Cate alishika usukani wa jeupe. Haki isemwe, gari lile siku hiyo liliendeshwa na mguu uliotaka lishindwe. Alilikanyaga kwa nguvu, tairi za nyuma zikazunguka bure, mkia ukayumba, likarudi chini kinyumenyume na kuwapaka kuku matope. Lile jekundu alilipandisha polepole, likafika juu likipiga mluzi.

"Kumbe nimekuwa nikiendesha aibu," Mzee akasema kwa huzuni. "Tubadilishane, mama."

Cate alijifanya kusita, akakubali "juu nakuheshimu kama baba." Jumatatu angemwelekeza Wasike mahali gari lake lilipo, naye Mzee angebaki kwa miguu. Mpango ulikuwa safi kabisa.

Ila gari haliondoki boma lile bila maombi. Mama Jelagat, mke wa Mzee, alimshika Cate mkono sebuleni, akamwombea yeye, barabara, polisi wa barabarani na ng'ombe wote wa Uasin Gishu, huku Mzee akiwa nje "anapanguza gari."

Cate aliondoka akijua atateleza. Lakini gari jeupe lilipanda kilima moja kwa moja, mkia umetulia. Juu alisimama, akafungua buti. Mlikuwa na magunia mawili ya viazi, yamepangwa juu ya tairi za nyuma.

Simu ikalia.

"Umepanda vizuri, Cate?" Alikuwa Mzee Kipyego. "Hiyo gari inataka uzito nyuma. Unadhani nimeendesha aje hii matope miaka yote?"

Diana alikufa papo hapo. "Mzee... ulinijua?"

"Geti yangu lazima uiinue kwanza. Wageni wote husukuma tu. Wewe uliinua, vile ulikuwa unainua ukija kuchukua maziwa."

"Na mbona ulisema gari ni yako?" Sauti ikampanda. "Baba alisikia huko kambini!"

"Vijana walikuwa kwa geti na petroli. Ningewaambia ni ya Nderitu? Nilidanganya, gari ikapona. Halafu nikatuma watu Nakuru, baba yako akakataa kuwaona. Na mimi nikakasirika. Nikasema akitaka, aje mwenyewe."

Cate alilia, na aibu ilimuuma kuliko kilio. Alikuwa amekuja kumwibia mtu aliyewatunzia gari.

"Mzee, hiyo nyekundu si yangu," akasema.

"Najua. Ulitoa stika, lakini namba ya Wasike iko kwa tairi ya spare. Nimempigia, nikamwambia Cate Nderitu anaongeza mwezi."

"Mwezi! Nani atalipa?"

"Si ID yako ndio iko kwake? Acha na mimi nionje turbo. Ukiitaka, kuja na baba yako."

Simu ikakatwa. Kule chini turbo ilipiga mluzi, na Mama Jelagat akasikika akiomba tena, safari hii kwa sauti ya juu sana.

Cate alijipangusa macho, akafikiria kidogo, akampigia baba yake. Kumwambia ukweli kungemfanya anune mwaka mwingine.

"Baba, niko Plateau. Mzee Kipyego amekataa na gari yangu."



"Na yako pia?" Nderitu akanguruma, na nyuma yake mlango wa duka ukasikika ukifungwa kwa kishindo. "Usitoke hapo. Nakuja kumwambia mwenyewe!"