Kapteni Wafula Arudishwe Nyumbani

Leo nimeaibika, na nataka ijulikane mapema kwamba kosa si langu peke yangu.

Mnajua nasuka nywele pale kituo cha Kawangware 56. Mnajua pia niko kwenye lile grupu la mashairi ya sayansi ya kubuni, ambako tunaandika beti mbili kuhusu sayari halafu tunagombana wiki nzima kuhusu filamu. Asubuhi Brayo, yule anayejiita Mfalme wa Zohali (anaishi chumba kimoja hapa mtaa wa Kongo, Kawangware, kama mimi tu), akaandika kwamba filamu za anga za juu zina haki ya kumuua Mwafrika kwanza, kwa sababu hakuna anayemkumbuka hadithi ikiendelea. Hakuna anayemkumbuka! Damu ilinichemka. Nikamwambia Mwafrika akifia angani ataliliwa kuliko wote. Akajibu, "Andika basi tuone."

Nikaandika. Mteja alikuwa chini ya draya, mimi mkono mmoja chanuo, mwingine simu. Shairi lilitoka tamu, sijisifu bure. Nikalituma, nikatia simu mfukoni mwa aproni, nikarudi kwa kichwa cha mteja nikisubiri sifa.

Simu ikaanza kutetemeka bila kupumzika. Nikajua nimemmaliza Brayo.

Kumbe nimelituma kwa grupu la watu wa nyumbani. Lile la harusi na matanga, ambalo mwenyekiti wake ni Senje Rose, dada ya baba yangu, anayeishi Soweto West kule Kibera. Na ujumbe mrefu huonyesha mwanzo tu, mengine mpaka ubonyeze. Mwanzo wenyewe ulikuwa huu:

Kapteni Wafula ametutoka alfajiri ya leo,
mwili wake uko mbali, hakuna wa kuurudisha.

Roketi inaingia baadaye. Mirihi inaingia baadaye. Roboti anayemwimbia marehemu yuko mwisho kabisa. Hakuna hata mmoja aliyebonyeza. Watu wazima, wenye macho!

Pole zilimiminika. Mtu akauliza ni Wafula gani, maana kila boma letu lina Wafula. Akajibiwa ni yule wa jeshi. Mwingine akasema yule ni koplo tu. Akaambiwa huenda walimpandisha cheo. Wakampigia, simu haikushika, na hiyo ikawa ushahidi.

Nikaandika mbio kwamba jamani, hilo ni shairi. Binamu yangu akajibu, "Shairi zuri sana, dada. Mungu amlaze pema."

Halafu Senje akapiga. Hakunisalimia. "Kuja Soweto saa hii. Watu wameshafika."

Nilimwachia mwenzangu mteja nusu kichwa, nikaenda. Nje ya mlango wa Senje kulikuwa na mabenchi ya kanisa, sufuria kubwa ya kuazima ikichemka chai, na akina mama wamejifunga leso viunoni. Mbele kabisa alikaa Mzee Barasa. Huyu alishindwa na Senje kwenye uchaguzi wa mwenyekiti, na tangu siku hiyo anatafuta kosa la kumng'oa. Nikaona wazi kosa lenyewe ni mimi.

Kabla sijapata hata pa kukaa, mtu akatangaza kwamba Koplo Wafula amepokea simu, yuko kazini, na anauliza kwa nini dada zake wanalia.

Mzee Barasa akasimama polepole, akifurahia kila hatua. "Huyu marehemu ni wa boma ya nani?"

Macho yote kwangu. Nikatoa simu, nikawasomea shairi lote. Roketi, mchanga mwekundu, roboti. (Kwa roboti niliimba kidogo. Msiniulize kwa nini.)

Chai ikafurika, hakuna aliyeigusa.

"Kwa hivyo maiti hakuna," akasema Barasa, na kumgeukia Senje. "Mwenyekiti, umetuita tulilie hewa?"

Nilidhani Senje atanitetea. Nimelala kwake miaka, nimemsuka bure kila Krismasi. Alinitazama, akamtazama Barasa, akafunga leso upya.

"Maiti iko," akasema. "Iko Mirihi. Swali ni moja tu. Mtoto wetu ameachwaje huko na roboti, na huyu msichana hakufanya mpango?"

Wallahi watu wakageuka. Wote, kwangu! Mama mmoja akauliza mamake Kapteni ameambiwa na nani. Mwingine akasema mke hatajwi popote, ni aibu. Wakaamua hapo hapo kwamba mtu wetu hazikwi ugenini, na kamati ikaundwa. Barasa alipewa jukumu la usafiri. Alikataa, akabembelezwa, kisha akaniuliza kwa uzito, "Hiyo roketi inabeba watu wangapi?"

Senje bado ni mwenyekiti. Mimi nimeamriwa kufikia Jumapili niwe nimeandika upya, Kapteni akiwa nyumbani, kaburi kando ya migomba.

Nimerudi Kongo nimechoka, nikalituma shairi kule nilikokusudia. Brayo amejibu sasa hivi: "Halina uhalisia. Nani angesumbuka hivyo kwa mtu mmoja?"

Nani? Brayo, vuka uende Soweto West. Mabenchi bado yako nje.

Na nyinyi wengine, anayecheka nimemwona. Mzee Barasa anatafuta wa kubeba jeneza.